Naomba ushauri: benki ipi ina makato nafuu kupokea dola 150,000 kutoka Marekani?

Mtafutaji_Dom: Wakuu, habari za jioni. Karibuni nitakuwa na namba tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 100. EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za watu mtandaoni, inatoa dola 150,000 kwa wa kwanza kufikisha hizo. Naombeni benki yenye makato nafuu. Niko siriasi, matusi sitaki.

fundi_redio: Usikubali wakulipe kwa shilingi. Mimi 2016 shemeji alinitumia hela kutoka Muscat, nilizungushwa mpaka viatu vikaisha soli.

BintiPwani: Hongera kaka. Ukipata usisahau kutoa sadaka.

Hesabu_Ngumu: "Karibuni nitakuwa na" maana yake nini? Kubwa inayojulikana ni 2^136279841 − 1, tarakimu 41,024,320. Luke Durant aliipata Oktoba 2024 kwa kukodi kompyuta zilizotapakaa nchi 17. Wewe umetumia nini?

Mtafutaji_Dom: Kuna jamaa anayo, ananiuzia milioni 1.8. Ana cheti kina muhuri.

mzee_wa_nguzo: Vijana hamtaki kulima.

Hesabu_Ngumu: Umeshalipa?

Mtafutaji_Dom: Hilo siyo swali langu mkuu.

Hesabu_Ngumu: Umelipa ngapi?

Mtafutaji_Dom: Laki tisa. Iliyobaki natuma kesho asubuhi. Ni hela ya kikoba, mke wangu ndiye mweka hazina, na mgao ni Desemba, kwa hiyo inarudi kabla hawajakaa. Msinihukumu, biashara ni kuthubutu.

BintiPwani: Ya kikoba?? Mungu wangu.

kijeba: Nimekaa pale, nasubiri akina mama wa kikoba waione hii.

Hesabu_Ngumu: Namba ya aina hii ni 2 kwa kipeo fulani (ile namba baada ya alama ^), toa 1, basi. Ukiambiwa kipeo unayo yote, hakuna cha kumiliki. Na kwa nini aache dola 150,000 achukue milioni 1.8? Taja kipeo.

Mtafutaji_Dom: Aliniambia siri. Haya: 2^332192835 − 1.

Hesabu_Ngumu: Kinaishia na 5! Ili 2^n − 1 iwe tasa, n yenyewe lazima iwe tasa, na hata hapo haitoshi: 11 ni tasa lakini 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Kipeo chako kinagawanyika kwa 5, basi namba yote inagawanyika kwa 2^5 − 1, yaani 31. Hapo hata kompyuta haihitajiki.

kijeba: Chai hii. Mtu anaijua EFF halafu hajui namba inayoishia na 5? Akaunti yenyewe ya juzi. Mimi nasema huyu ndiye muuzaji, anapima upepo.

fundi_redio: Kweli! Hata yule wa noti nyeusi alianza kwa kuomba ushauri.

Mtafutaji_Dom: Niuze nini sasa? Muamala ninao kwenye simu, ila siweki jina la mke wangu humu.

kijeba: Chai na vitafunwa.

mzee_wa_nguzo: Mods, unganisheni na uzi wa matapeli.

Mtafutaji_Dom: Nimempigia. Anasema ilikuwa makosa ya uchapaji, sahihi ni 332192833. Ameongeza laki mbili ya kubadilisha cheti.

Hesabu_Ngumu: Gawa kwa 7.

Mtafutaji_Dom: 47,456,119.

Hesabu_Ngumu: Kamili, bila baki. Basi namba yote inagawanyika kwa 2^7 − 1, yaani 127. Mwambie mkeo leo leo, kabla ya asubuhi.

fundi_redio: Ila mkuu, kuhusu benki, ukiamua nicheki inbox.