Jina la Duke wa York libaki Accra au lifutwe?

Mleta mada: Wakuu, naliweka hili mezani. James Stuart, Duke wa York, alizaliwa 1633. Baba yake, mfalme wa Uingereza, alikatwa kichwa 1649. Mwaka mmoja kabla, James akiwa na miaka 14, alitoroka kizuizini London kavalishwa gauni. Fundi nguo aliyeletewa vipimo alishangaa: mwanamke gani mfupi hivi, kiuno kinene hivi?

Mkasa mzuri, na wanaomtetea hupenda kuishia hapo. Mimi nautazama mwaka 1672, kampuni ya Royal African ilipoundwa, yeye akiwa gavana wake. Hakuna taasisi nyingine moja iliyovusha watumwa wengi kwenda Amerika kuliko hiyo: karibu 150,000 hadi miaka ya 1720. Biashara hiyo ya watumwa ilianza kabla ya 1672, na wapo waliochomwa kifuani kwa chuma cha moto herufi DY, yaani Duke of York. Jina la mtu huyo bado liko Accra: ngome ya James Fort, na mtaa mzima wa James Town. Gambia walishakibadili jina kisiwa chao cha James mwaka 2011. Ghana wanangoja nini?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, kufuta majina ni kufuta historia. Halafu hicho kisiwa cha Gambia sasa kinaitwa Kunta Kinteh, jina lililovuma kwa riwaya ya Mmarekani. Mmetoa la mgeni mkaleta la hadithi.

Mleta mada: La riwaya nakubali, linakera kidogo. Ila historia gani inafutwa? Kisiwa hichohicho watu wa Duke Jacob wa Courland, Latvia ya leo, walikiita St. Andrew. Waingereza walipokitwaa 1661 wakalifuta jina hilo wakaweka la James. New Amsterdam nayo ikawa New York 1664, Waholanzi wakairudisha 1673 wakaiita New Orange, mwaka uliofuata ikawa New York tena. Wenye mizinga walibadili watakavyo, hakuna aliyelilia historia. Leo Mwafrika akitaka kubadili, ndiyo historia inaanza kuuma?

Mchangiaji wa 2: Tatizo lako unawasemea watu wa James Town bila kuwauliza. Pale ni kwa Waga, kabila la Accra, wavuvi na mabondia. Ukimtaja James hawamfikirii Duke yeyote. Na kwa lugha yao wanapaita Ngleshie, ambalo nalo limetokana na "English". Hilo nalo utalifuta?

Mleta mada: Hapo umenibana. Ngleshie wameshalitia ulimini mwao, ni lao. Basi mtaa nawaachia wenyewe. Kwenye ngome sirudi nyuma: ilijengwa 1673 kwa kazi ya kampuni hiyo, ikaja kuwa jela mpaka 2008. Nani ana mapenzi na jina la jela? Mnaotaka libaki, anzieni hapo.