Tunataka kuanzisha kanisa hapa Kisumu lakini hatujakubaliana tunaamini nini

JiraniWaKondele:
Bwana asifiwe wapendwa. Sisi ni kikundi cha maombi hapa Kondele, tunakodi darasa kila Jumapili. Watu wametoka kila mahali: Anglikana, PAG (Pentecostal Assemblies of God), Katoliki, Kanisa la Marafiki (Quaker), na wawili walikuwa Wasabato. Sasa wengi wanataka tuwe kanisa kamili, tuandikishwe na tupate mchungaji wetu.

Ndugu mmoja akaleta orodha ya mafundisho aliyoitoa kwenye intaneti, ya kanisa fulani la Marekani. Utatu, Biblia, wokovu kwa neema, tukaitikia amina. Kufika kwenye ubatizo moto ukawaka. Wa PAG anasema mtu azamishwe akiwa na akili zake. Mwanglikana, ambaye watoto wake walibatizwa wachanga, akauliza, "Kwa hiyo wangu ni wapagani?" Halafu mama mmoja wa Vihiga aliyelelewa kwa Marafiki akasema kwao hakuna maji kabisa, na hajawahi kujiona hajaokoka. Watu wakatawanyika chai ikiwa bado kwenye thamosi.

Kuna wanaosema tuanze tu, Roho ataongoza. Mimi ndiye katibu. Niandike nini?

MwalimuKibuye:
Ndugu katibu, hilo la "tuanze tu" litafika mwisho siku mama wa kwanza atakapoleta mtoto mbele ya madhabahu. Siku hiyo mchungaji atafanya jambo moja au lingine, na nusu ya watu watajua wamedanganywa.

Kwa msingi, chukueni Imani ya Mitume, lile ungamo fupi la kale la Kikristo. Ya Nikea ni nzuri pia (mtaguso wa 325, ikapanuliwa Konstantinopoli 381) ila inakiri "ubatizo mmoja", na mama wa Vihiga atakwama hapo. Ya Mitume haitaji ubatizo. Lakini msijidanganye kwamba mmemaliza. Kuhusu maji lazima mchague: ama mnazamisha watu wazima na kuwapokea waliobatizwa wachanga bila kuwarudia, ama mnawarudia. Andikeni mojawapo. Na mama aulizwe waziwazi kama anaweza kuwa mshirika bila maji. Msimwache agundue siku ya Meza ya Bwana.

KaraniMstaafu:
Mafundisho sawa, ila mimi nimeona makanisa yakivunjika kwa hati ya ploti kuliko kwa ubatizo. Waumini wanachanga, ardhi inaandikwa jina la pasta, pasta akikosana na wazee anabaki na kanisa. Chini ya Sheria ya Vyama mnapeleka katiba kwa Msajili. Ionyeshe malengo, nani anaweza kuwa mshirika, viongozi wanachaguliwa na kuondolewa vipi, pesa zinatunzwaje na kukaguliwa na nani, na mkivunjika mali inaenda wapi. Mali iwe mikononi mwa wadhamini. Kauli ya imani iingizeni humo humo, pamoja na njia ya kuibadilisha, la sivyo pasta ataibadilisha peke yake mimbarini.

NyarUgenya:
Hiyo orodha ya Marekani inasema nini kuhusu mwanamume mwenye wake wawili aliyeokoka jana? Kuhusu mjane anayelazimishwa kurithiwa? Kuhusu tero buru, ile desturi ya Waluo ya kufukuza kifo matangani? Hakuna. Na hayo ndiyo mtaulizwa kwenye matanga ya kwanza.

Waliotutangulia hawakuazima karatasi. Zakayo Kivuli alipotoka PAG 1942 akaanzisha kanisa la African Israel Nineveh huko Vihiga, ulijua wanachoamini ukiwa mbali: kanzu nyeupe, vilemba, bendera, ngoma, na dhambi zinaungamwa hadharani. Legio Maria walipojitenga na Wakatoliki 1963 walibaki na Misa na rozari, wakawa hata na papa wao. Hukubaliani nao? Sawa, lakini walijua wanabeba nini na wanaacha nini.

Mwanakwaya_Nakuru:
Mnageuka Mafarisayo. Mpende Yesu, basi.

NyarUgenya:
Hata wa Shakahola, waliofunga hadi kufa wakimfuata mhubiri wao, waliambiwa wampende Yesu. Katibu, baada ya 2023 andika pia kwamba mgonjwa anaenda hospitali, kufunga ni hiari, na mshirika yeyote anaweza kuhoji fundisho bila kutengwa.

JiraniWaKondele:
Asanteni sana. Orodha ya Marekani naiweka kando. Nitapeleka Imani ya Mitume, kifungu cha maji, cha mali, na haya ya hospitali na matanga. Wake wawili nitaomba wazee wakae kwanza, kwa sababu mmoja wetu yuko hivyo na ndiye anayelipia darasa.

KaraniMstaafu:
Ndiyo maana mkae kabla hajaanza kulipia ploti.

MwalimuKibuye:
Na wale Wasabato wawili? Siku ya ibada hamjaijadili.

JiraniWaKondele:
Hao wanakuja Jumapili bila shida, ila kikao cha Jumamosi hawahudhurii. Na kikao nilikiitisha Jumamosi. Ngoja nipige simu.