Nem chua ya nyumbani: pakiti ya viungo au kuchanganya mwenyewe?

Mchachu: Salaam wakuu. Jumamosi ya wiki ijayo nina wageni, nataka kuwaandalia nem chua, kile kitimoto kibichi cha kusaga cha Vietnam, chenye vipande vya ngozi ya nguruwe, kinachochachushwa kikiwa kimefungwa kwenye jani la mgomba. Ninunue pakiti ya viungo au nichanganye mwenyewe kwa chumvi ya nitriti, ile ya kuhifadhia nyama?

FundiSoseji: Uko nchi gani? Jikoni kuna nyuzi ngapi? Chumvi hiyo ina nitriti asilimia ngapi? Ya waridi ya Marekani ina 6.25%, kwa hiyo ni gramu 2.5 tu kwa kilo ya nyama, na chumvi ya kawaida gramu 20 kando. Ya Ujerumani ina 0.4 hadi 0.5%, hiyo ndiyo chumvi yote, gramu 20 hadi 22 kwa kilo. Ukizibadilisha, ukatia gramu 20 za ile ya waridi, nyama ni sumu. Tupa.

Mtwangio: Pakiti, mkuu. Soma nyuma: ikiwa na glukono-delta-laktoni, unga unaogeuka asidi wenyewe, uchachu unakuja bila kuwangoja bakteria.

Bi_Tangawizi: Unakuja, lakini ni ukali mtupu, na pakiti haiokoi ngozi yenye maji. Niliwahi kuletewa sahani ya pakiti: ute juu, katikati kijivu, ukikata inamomonyoka. Ngozi ilikuwa imechanganywa ikingali inachuruzika, majani yamefungwa kilegevu hewa ikabaki ndani, na nyama ilipata joto kwenye mashine ya kusagia, ndiyo maana haikushikana.

Chemsha ngozi mpaka iive lakini bado ing'atike, kwangua mafuta yote, ikate nyembamba kama tambi, ianike kwenye kitambaa hadi ikauke. Kisha ipake thính, unga wa mchele uliokaangwa, gramu 30, unyonye maji yaliyobaki. Paja lisilo na mafuta gramu 700, ngozi 300, sukari 50. Usioshe nyama. Saga ikiwa karibu kuganda.

Mtwangio: Dada, kule kwenyewe zamani ilitwangwa ikiwa na joto la machinjio, haijaona friji!

FundiSoseji: Hiyo ni nyama iliyochinjwa sasa hivi, inanata yenyewe. Ya dukani sivyo.

Mchachu: Niko Leipzig, Ujerumani, jikoni nyuzi 18. Mgeni mmoja ni mjamzito.

Bi_Tangawizi: Hilo ungeanza nalo! Huyo asile mbichi kabisa. Zake zichome mpaka katikati nyuzi 71.

FundiSoseji: Nyuzi 18 ni baridi. Weka kwenye oveni iliyozimwa, taa ikiwaka, upate 28 hadi 30, siku 3. Karatasi ya pH, ya kupimia uchachu, isome 4.6 au chini ndipo uhamishie kwenye friji. Nguruwe wa huko hupimwa minyoo ya Trichinella machinjioni. Asiyepimwa, gandisha vipande vyembamba kwa -15 siku 20. Bakteria wa salmonela hawafi kwa baridi hiyo.

Mtwangio: Usisahau jani dogo la ndani, linalogusa nyama. Kule Vietnam, watu wa Thanh Hóa wanatia jani la mti wa đinh lăng.

Bi_Tangawizi: Wa Lai Vung, huko huko Vietnam, wanatia jani la mti wa vông, na ni tamu zaidi.

Mtwangio: Tamu kwa sababu ya sukari, si jani.

KijikoChaMbao: Leipzig atayatoa wapi? Jani la mpera linatosha, na kipande cha kitunguu saumu na pilipili. La mgomba huuzwa limegandishwa. Liyeyushe, lifute, lipitishe motoni lisipasuke.

Bi_Tangawizi: La mpera lina ukakasi. Bora asitie kitu.