Vipande vya kujitengenezea kwenye modeli ya ndege ya kivita MiG-21MF, kipimo cha 1/72

Mwulizaji, Kampala: Ndugu zangu, kiti cha rubani kilichomo kwenye boksi hakina hata mikanda, na mrija wa kupimia mwendo, ule unaochomoza puani, ni mnene kama kijiti cha kiberiti. Nitumie nini kinachopatikana hapa kwetu?

Jibu, Entebbe: Mikanda ikate kwenye karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara. Mkanda halisi wa sentimita 4.5 hubaki milimita 0.6 tu katika kipimo hicho, kwa hiyo tumia wembe mpya, uipake rangi kabla ya kuikata, kisha uilaze kitini kwa kibano ili ikunjike kama kitambaa.

Jibu, Jinja: Mrija utengeneze kwa sindano ya dukani ya kudungia dawa, isiyotumika, ukiingiza waya mwembamba wa shaba kwenye ncha yake. Kwenye MF mrija huo uko juu ya mdomo wa kuingizia hewa, umesogea kulia kidogo, ilhali kwenye F-13, toleo la awali la ndege hiyo, uko chini. Michoro mingine ya maboksi huchanganya.

Mwulizaji: Ahsanteni, wazee. Na rangi ya ndani ya chumba cha rubani?

Jibu, Entebbe: Kijani cha kuelekea samawati, kijivu hakifai.