Naomba ushauri: leseni ya TV nilipe au nipotezee?

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Uingereza, nimehamia nyumba ya kupanga na barua za leseni ya TV hazikauki mlangoni. Ada ilipanda Aprili 2025 hadi pauni 174.50 kwa mwaka.

Sheria naielewa. Ukitazama matangazo ya moja kwa moja ya stesheni yoyote, hata kwa simu, au ukifungua BBC iPlayer (huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni), unatakiwa kulipa. Filamu za Netflix hazihusiki. Ukikamatwa, faini inaweza kufika pauni 1,000.

Ninayeishi naye anasema tuendelee kuangalia mpira kimyakimya, mkaguzi akija tusimfungulie, maana bila hati ya mahakama hawezi kuingia. Ni kweli hawezi. Ila je, ni haki? Idhaa ya Kiswahili ya BBC nimekua nikiisikiliza nyumbani, na sehemu ya fedha za BBC World Service, huduma ya kimataifa yenye idhaa hiyo, hutoka kwenye ada hiihii. Kinachonikera ni tajiri na mfagiaji kulipa sawasawa.

Au niachane na mpira wa moja kwa moja, nitoe taarifa kwamba sihitaji leseni? Mliofanya hivyo, barua zilikoma?