Tupeane uzoefu: siku mtu wa mitambo alipougeuza wimbo wako

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni kwa wote waliowahi kuingia studio, upande wowote wa kioo: waimbaji, wapigaji, maprodyuza, mafundi mitambo. Maprodyuza akina P-Funk Majani na Master J majina yao tumeyasikia tangu tuko shule. Ila kinachopita mle ndani kati ya anayeimba na anayerekodi hakisimuliwi sana. Naomba kila mtu alete kisa chake mwenyewe, si cha kusimuliwa.

Naanza na changu. Mwaka 2011, Mwananyamala, studio ya chumba kimoja, mablanketi yamepigiliwa ukutani, mbele ya maiki kuna soksi ya kike imevutwa kwenye hanga kuzuia pumzi. Wimbo ulikuwa wa marehemu mama yangu. Naingiza sauti, nakosea. Narudia, sauti inapanda juu ya ufunguo. Mara ya kumi na kitu nikaanza kulia. Prodyuza hakunigombeza. Alishusha biti kwenye hedifoni mpaka ikawa kama inatoka nyumba ya jirani, akaniambia nivue sikio moja. "Dada, unashindana na ngoma. Jisikie kwanza mwenyewe." Sauti ikakaa.

Kisha akazima biti kabisa, akataka niimbe kama ninavyoimba nikipika. Nilipomaliza alikaa kimya, halafu akashusha kasi ya wimbo kutoka mapigo 104 kwa dakika hadi 88. Maana yake ngoma zote alizokwisha panga azipange upya, na alizipanga usiku uleule. Akaomba pia tukate nusu ya ubeti wa pili, eti hapo naeleza wakati mwanzoni nilikuwa naita. Tulibishana hadi saa tano usiku. Kwenye kasi alikuwa sahihi kabisa. Kwenye ubeti nilikataa, na sijutii, kwa sababu mistari ileile ndiyo watu wananiandikia kwamba iliwaliza.

Karibuni.

Mpiga gitaa la rithim, Morogoro

Mwanangu, pole kwa mama. Sisi wa dansi tulirekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, miaka ya 80. Hakukuwa na kuingiza sauti kipande kipande. Bendi nzima inapiga kwa pamoja, waimbaji na tarumbeta humohumo, na ukikosea dakika ya sita kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka, mnarudi mwanzo wote. Kwa hiyo kazi ya fundi ilikuwa kutupanga. Yule wetu alikuja na chaki. Alichora alama sakafuni: tarumbeta nyuma kabisa, saksafoni hatua mbili mbele yao, waimbaji wamezunguka maiki moja, mwenye manyanga pembeni. Akasikiliza kwenye chumba chake, akarudi, akafuta alama ya mtu wa tumba kwa kiatu na kuchora nyingine karibu na mlango.

Mimi alinigusa bega, akaniambia, "Ndugu, wewe na gitaa la kati mnasema neno moja kwa wakati mmoja." Kweli, jukwaani tulikuwa tunapiga pale pale, na kelele za watu zinaficha. Nikahamia nyuzi za juu, mwenzangu akabaki chini. Tangu siku ile ndivyo tulivyoupiga hata ukumbini. Wimbo ulipotangazwa hewani lilitajwa jina la bendi na la mtunzi. La yule fundi sikulisikia hata siku moja, na lile pengo lililoufanya wimbo upumue ni lake.

Fundi wa sauti, Unguja

Shikamoo mzee wangu hapo juu. Mie nilipata funzo langu kwa bibi mmoja wa taarab. Alikuja kurekodi wimbo wa makamu ya rasti, yaani skeli mojawapo ya muziki wa Kiarabu. Aliimba vizuri mno, akaenda zake, nami usiku nikakaa kumalizia miksi. Nikaweka Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, kama nilivyozoea kwa vijana. Kwenye skrini ile noti ya tatu ya skeli naiona iko chini kidogo ya mstari, nikadhani ameteleza, nikainyanyua mpaka mstarini. Noti zote zikakaa sawasawa kama meno ya kitana.

Asubuhi akaja kusikiliza. Hakumaliza hata ubeti mmoja. Akavua hedifoni polepole, akasema, "Mwanangu, umeipiga pasi sauti yangu."

Wallahi niliona aibu. Akamwita mpiga ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, akamwambia apige ile noti, halafu akaiimba juu yake. Ikalala palepale, katikati, mahali ambapo kinanda changu hakina kibonye. Niliyoiona makosa ndiyo rasti yenyewe. Programu inaweza kuwekewa skeli ya namna ile, nikajifunza baadaye, lakini siku ile nilizima kila kitu na kurudisha sauti yake kama ilivyokuwa. Palikuwa na pahala pamoja tu ambapo kweli pumzi ilimkatikia. Pale aliomba mwenyewe arudie, akarudia mara moja tu.

Mwanakwaya, Mwanza

Sisi tulikuwa watu 32 na maiki mbili. Fundi aliwatuma wawili wa sauti ya kwanza, ile ya juu, wasimame mlangoni, wakanuna. Tuliposikiliza walinyamaza, maana sauti ya nne, ile nzito ya chini, ilikuwa imesikika kwa mara ya kwanza tangu kwaya ianzishwe.

Mtunzi, Dar

Mimi changu kinauma. Nilienda na viitikio viwili nimevirekodi kwenye simu. Prodyuza, simtaji, akanisaidia kukinyoosha kimoja, tukafurahi, tukala chipsi pamoja. Miezi minne baadaye nakisikia redioni kwa sauti ya mtu mwingine. Nilipompigia alisema biti ni yake. Sikuwa na karatasi yoyote.

Mleta uzi

Pole sana kaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, inamtambua anayetumbuiza, na inamtambua mtayarishaji wa rekodi, kila mmoja kwa nafasi yake. Kuwa na biti si kuwa na maneno na melodi ya mwenzako. Zile sauti za kwenye simu usizifute, tarehe zake ni ushahidi. Mimi siku hizi kabla ya kuingiza sauti tunaandika kwenye daftari nani kaleta nini na mgao ni upi, tunasaini, kila mtu anapiga picha. Haichukui dakika tano.

Mpiga gitaa la rithim, Morogoro

Nimerudi kwa swali. Fundi wa Unguja, hiyo ganuni unaiwekea maiki wapi? Nina kijana wangu anarekodi zeze na linamtoka kavu.

Fundi wa sauti, Unguja

Mzee, mie huwa sianzi kuiweka. Namwomba mpigaji apige, nami nainama na kuzungusha sikio langu taratibu juu ya chombo, kisha namuuliza yeye anapenda isikike kama anavyoisikia pale alipokaa, au kama mtu aliyekaa mbele yake. Wengi hutaka ya kwao. Basi maiki naileta juu ya bega lake la kulia, shubiri mbili toka kwenye nyuzi, ikitazama chini. Kwa zeze mwambie kijana asiielekeze kwenye upinde, aisogeze kwenye kibuyu, kisha aje hapa atwambie imekuwaje.