Mdogo wangu yuko Butimba, nataka tusome kitabu kimoja. Nifanyeje asikiache?

binti_Nansio:
Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu wa kiume anatumikia kifungo Butimba, huu mwaka wa pili. Nikienda kumwona maongezi ni yale yale: rufaa imefikia wapi, mama anaendeleaje, sabuni imekwisha. Narudi Igoma kama sikuonana naye.

Tumekulia Ukerewe. Usiku karabai za wavuvi wa dagaa zikiwaka ziwani, mimi nilikuwa namsomea kwa kibatari, naye ananikatiza kila mstari: "Dada, mbona hakukimbia?" Nikatamani turudi pale. Nikanunua nakala mbili za hadithi moja, moja nikampelekea. Tukakubaliana sura mbili kila nikienda.

Juzi nikamuuliza ameionaje. "Nimemaliza dada, nzuri." Nikauliza, yule mzee alimficha nani? Akainamia kucha zake, kimya. Ndipo nikakumbuka aliacha shule darasa la tano akaingia ziwani. Nimemuaibisha mbele za watu, roho inaniuma. Naombeni ushauri.

Mzee wa Kirumba:
Pole binti yangu. Niliwahi kukaa ndani. Selo yetu ilikuwa na mwalimu mmoja, tukishafungiwa jioni anasoma kwa sauti, wote tunasikiliza, hata waliokuwa hawasalimiani. Mwambie atafute mtu wa namna hiyo. Na maswali ya mtihani acha. Anza wewe: "Huyu mzee mimi simpendi kabisa." Atakubishia mwenyewe.

Mama Nyakato:
Mwandikie na barua fupi, kwa herufi kubwa. Barua husomwa na askari kabla hajapewa, kwa hiyo mambo ya wakili usiyachanganye humo. Kitabu usichomeke karatasi ndani. Changu kiliwahi kurudishwa getini kwa ajili ya kikaratasi chenye namba za simu.

Mkerewe mwenzio:
Mpelekee cha kwenu. Aniceti Kitereza aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akamaliza 1945. Kwa Kiswahili kimetoka 1980. Ni kinene mno, usimbebeshe chote, chagua vipande. Mna kilimo, mna dawa za miti, mna uvuvi. Kwenye uvuvi yeye ndiye mwalimu, wewe ndiye wa kuuliza.

binti_Nansio:
Mkerewe, umenigusa. Ila kinaanza na mke kuchukuliwa na wazazi wake, na wifi yangu alirudi kwao Sengerema tangu mwezi wa nne. Naogopa kumtonesha.

Mama Nyakato:
Basi ruka hapo, mwaya. Kule ndani hana pa kwenda kulilia.

Mzee wa Kirumba:
Mama Nyakato, hapo sikubaliani nawe. Habari hiyo analala nayo kila siku. Tena Myombekere hakukaa tu, alifunga safari hadi ukweni kumfuata mkewe. Ya kwake hawezi kukueleza wewe dada yake, ila ya Myombekere ataweza. Msikilize tu, usiulize "na wewe je?"

binti_Nansio:
Asanteni sana, nyote. Nimeanza kunakili kurasa nne za mwanzo kwa mkono, herufi kubwa, na sijaruka kitu. Kuna neno moja la Kikerewe limenishinda, na mama naye halikumbuki vizuri. Jumapili nitamuuliza yeye.